Koleo Lenye Pete na Goroli

Kazini kwake, kitu kisicho na jina hakiingii stoo. Alikuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka kumi na tisa, na hata ndoo iliyotoboka ilikuwa na lebo yake: "Ndoo, mbovu." Kwa hiyo alipoamua kusafisha chumba cha marehemu baba yake, ili wageni wa harusi wapate pa kulala, alikuja na kalamu nene, gundi, karatasi za lebo, na mdogo wake wa kubeba mizigo.

Kufikia saa nne asubuhi kila kitu kilikuwa na jina, isipokuwa koleo moja. Lilikuwa la chuma, zito, limeviringishwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la brashi za viatu. Taya moja lilikuwa na pete. La pili lilikuwa na goroli ya chuma, na ukilibana, goroli ilipenya kwenye pete bila kugusa popote.

"Hilo ni la kuvunjia njugu," alisema mdogo wake. Nyumbani walimwita Mhandisi tangu alipofungua redio ya familia akiwa darasa la sita. Redio ile haijasema neno mpaka leo.

"Goroli inapita katikati ya pete. Njugu itavunjwa na nini, maombi?"

"Basi la kung'olea meno."

"Meno ya nani, ya kiboko?"

"Dada, andika 'la meno' twende tukale."

"Siandiki uongo kwenye lebo."

Akaandika HALIJULIKANI, akabandika. Neno lenyewe likamkera kama kokoto ndani ya kiatu.

Sebuleni, mama yao alikuwa amenyoosha miguu juu ya kigoda. Mbele yake vilikaa viatu vipya vya ngozi, rangi ya damu ya mzee, kama washtakiwa wawili. Harusi ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Bibi harusi, binti wa mtunza stoo, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: aingie ukumbini ameshikwa mkono na bibi yake.

"Mwambieni mjukuu wangu nitamwombea nikiwa hapahapa," alisema mama. "Viatu vya siku hizi vinashonwa na watu wasio na miguu."

"Mama, tubadilishe tuchukue namba thelathini na nane."

"Nani avae thelathini na nane? Nimezaa wanne na thelathini na saba yangu."

"Basi vaa ndala."

"Ndala! Kwani nimelazwa?"

Mhandisi aliangua kicheko, akatazamwa, akakimeza.

Maisha yake yote mama alijisifu kwamba hakuna kiatu kilichowahi kumuuma. Majirani walirudi kutoka shereheni wamebeba viatu mkononi, yeye akiwapita na visigino vyake, ko, ko, ko. "Miguu yangu haina ugomvi na mtu," aliwaambia. Lakini tangu mumewe afariki mwaka jana, kila kiatu kipya kilianzisha ugomvi. Mtunza stoo alijua kwamba mama asipoingia ukumbini na viatu vile, haendi kabisa. Kumbembeleza ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Alirudi chumbani kuchukua koleo, maana lebo ile bado ilimkera. Akainusa goroli. Ilinuka dawa ya viatu.

Hakusubiri chakula. Alilifunga koleo kwenye gazeti akaenda kwa fundi viatu wa kona. Fundi alilifungua, akatoa uzi mdomoni.

"Dada yangu, umelitoa wapi hili? Mara ya mwisho kuliona nilikuwa najifunza kazi. Nipe kiatu."

"Kipi?"

"Hicho ulichovaa. Sikili."

Akaingiza goroli ndani ya kiatu, pete ikabaki nje, akabana, akakaza skrubu ya mpini. Ngozi ikatuna kidogo ndani ya pete, pale pembeni panapokaa mzizi wa kidole gumba.

"Ni la mtu mwenye kinundu hapa ubavuni. Hupanui kiatu kizima, unapanua panapobana tu. Lainisha ngozi, kaza, acha mpaka kesho. Nani kwenu ana kinundu?"

"Hakuna," alijibu upesi, yeye asiyeandika uongo kwenye lebo.

Njiani mambo yakamjia. Baba alikuwa na sheria moja: kiatu kipya cha mama hakivaliwi mpaka akitie dawa yeye mwenyewe, Jumamosi, mlango umefungwa. Watoto walimcheka. "Baba, kiatu kipya unakitia dawa ya nini?" Naye alijibu, "Ngozi ikitoka dukani bado ina usingizi."

Jioni hiyo alijifungia na vile viatu. Mhandisi akagonga.

"Unafanya nini humo?"

"Natia viatu dawa."

"Si vipya?"

"Vina usingizi. Nenda zako."

Alikaza kimoja, na alfajiri akahamishia koleo kwenye cha pili. Lebo ya HALIJULIKANI aliiacha palepale kwenye mpini.

Ijumaa mchana mama alivivaa, akanyanyuka, akaenda hadi mlangoni na kurudi. Ko, ko, ko.

"Unaona? Vilitaka dawa tu. Nyinyi mlishaanza habari za thelathini na nane."

"Tumekosa, mama."

Akaketi, akavua cha kushoto, akamnyooshea bintiye.

"Hiki bado. Baba yako cha kushoto alikuwa anakikaza zaidi."

Mtunza stoo akakipokea.

"Mama! Kumbe ulikuwa unajua?"

"Najua nini? Miguu yangu haina ugomvi na mtu." Mama akarudisha mguu juu ya kigoda. "Hebu kakitie dawa, harusi ni kesho."