Lami Baridi ya Njiapanda

Joyeuse alikichomoa kipimajoto kwenye rundo la lami, akakifuta kwa kitambaa, akakichomeka upande wa pili. Digrii tisini na nane tena. Lami iliyoshuka chini ya mia na ishirini hurudishwa kiwandani. Kazi yake pale njiapanda ya Butembo ilikuwa hiyo tu, kupima na kutia sahihi.

Lori la lami lilikuwa limetoka Beni alfajiri. Njiani, kwenye kizuizi, maofisa walilishikilia kwa muda wa saa tatu wakidai muhuri ambao hakuna dereva aliyewahi kuuona. Wao wakinywa chai, lami ilikuwa ikipoa chini ya turubai.

"Iko ngapi?" aliuliza Lusenge, msimamizi wa kazi.

"Makumi kenda na munane, chef. Irudi."

"Irudi wapi? Bakubwa banakuya kesho kukata kamba, kufungua barabara! Andika mia moja na makumi ine."

"Mais chef, apa malori zinafunga breki, zinakata kona na mizigo yote. Goudron ya baridi haishikane. Mu mwezi moja itakuwa mashimo. Ile lori yenye iliangukia bamama benye kuuzisha majani ya sombe apa sababu ya mashimo, ulishaisahau?"

"Joyeuse, unatafuta kazi ama unatafuta kesi?"

Tangu vita viwatoe kijijini kwao Luofu, watu sita nyumbani walikula kwa sahihi hiyo.

"Siwezi signer uongo," alisema. Sauti ilitetemeka, akajichukia kwa hilo.

Lusenge akamnyang'anya kalamu. Akaandika mia moja arobaini, akatia sahihi ya Joyeuse bila hata kusita, kama mtu aliyeizoea. Kisha akanyoosha mkono apewe kofia ya kazi.

"Enda kwako."

Vibarua wakaanza kuitandaza. Lami ilimeguka kama ugali wa jana. Hasira zikampanda Joyeuse. Akapita katikati yao, akainama, akakwaruza juu ya lami kwa ncha ya kipimajoto tarakimu mbili kubwa: 98. Chini yake akaandika jina lake.

"Futa ile!" Lusenge alimpigia kelele Kasimu, dereva wa mashine ya kushindilia.

Kasimu akapitisha mashine juu yake. Akarudi mara ya pili, na ya tatu, watu wakijazana kando ya barabara kutazama. Katika lami ya moto, maandishi yale yangefutika mara ya kwanza tu. Kasimu akazima injini, akashuka, akachuchumaa.

"Chef," alisema, "inasomeka."