Saa ya Shangazi Yagoma

Siku ya kufungua maonyesho, fundi wa saa alizunguka ukumbini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Saa za mapambo zilijaa kila upande: za marumaru, za kauri zenye maua, moja imebebwa mgongoni na tembo wa shaba. Lakini roho yake ilikuwa kwenye moja tu, ile yenye kijitu cha dhahabu kinachogonga kengele kwa nyundo kila ifikapo saa sita. Ilikuwa ya shangazi yake, aliyemlea. Bibi huyo aliitoa kwa sharti: leo igonge mbele ya watu, la sivyo anarudi nayo kwake.

Na saa ikagoma. Kila akiusukuma ule mkia wa shaba unaoning'inia ndani yake na kuiendesha, ulibembea kidogo ukanyamaza. Alikwisha kuifungua, akaisafisha, akaitia mafuta. Haikuwa na ugonjwa wowote. Wageni wamejaa, na shangazi kakaa mbele kabisa, katulia tuli, shuka la kufungia saa limo mkobani tayari.

Fundi alimwinamia kumwomba radhi, jasho likimtiririka. Shangazi akamwambia asijali, vitu vya kale navyo hudeka. Kisha, kwa kumchangamsha, akaisifu sakafu: hapa chungwa likianguka linakaa palepale, si kama kule nyumbani linakokukimbia hadi mlangoni.

Chungwa! Utoto wake wote fundi alifukuza machungwa katika nyumba ile iliyoinama upande mmoja, na saa juu ya kabati imeinama nayo miaka yote. Hapa wameiweka wima, nayo haikuzoea. Akakunja kitambaa chake cha kupangusia, akakichomeka chini ya mguu mmoja wa saa ili iiname kama kule nyumbani, akausukuma mkia. Tik, tak, tik, tak. Moyo wake ulikwenda mbio kuliko saa yenyewe.

Saa sita ilipotimia, kijitu kikainua nyundo. Kengele ikalia, ukumbi ukalipuka kwa makofi, na fundi akaruka kama mtoto kwenda kumkumbatia shangazi yake. Akamkuta analia.

"Shangazi, kumbe ulijua kwa nini imegoma?"

"Nilijua tangu asubuhi. Nilikuwa naomba usikumbuke, niondoke nayo. Mdomo huponza kichwa."

Fundi alicheka huku naye machozi yanamtoka. Akautoa ufunguo wa saa, akautia ndani ya mkoba, juu ya lile shuka.

"Mimi siijazi," alisema. "Kila wiki uje hapa uitie ufunguo mwenyewe."