Nesi Aliyekuja Mapema

Nesi wa kutuliza maumivu alipobisha hodi, fundi cherehani alimtazama viatu kabla ya uso, akamwekea kinyongo papo hapo. Mtaa mzima ulimjua: nyumba aliyoingia, mwezi haukwisha kabla ya kilio kusikika. Sasa kwake amefuata nini? Mdogo wake, kinyozi, alikuwa na UKIMWI, ndiyo, na koo lilimjaa vidonda, lakini alikuwa bado anatembea mwenyewe na kuwatania wateja waliokuja kupima magauni.

"Mbona mapema hivi?" aliuliza, futikamba shingoni. "Mgonjwa wangu hajafikia huko."

"Ndiyo maana nimekuja, dada. Maumivu yakipungua atakula, atameza dawa zake za kila siku, hatalazwa ovyo. Hospitali wamepiga hesabu: gharama ya wiki moja wodini inatosha kumhudumia hapa nyumbani miezi mitano."

Kumbe! Wamempigia hesabu ndugu yake, wakaona afie nyumbani, ndiyo rahisi. Fundi mzima, miaka ishirini anakata vitambaa, ashindwe kujua anapopunjwa?

Nesi akampa kinyozi kipimo cha kwanza cha morfini ya maji kwa mkono wake. Kinyozi akakunja uso kwa uchungu wa dawa, akameza. Chupa akaachiwa dada mtu, na maelekezo juu. Nesi akaaga akitabasamu, na tabasamu lenyewe likamkera fundi kupita kiasi.

Jioni hiyohiyo aliimwaga dawa yote chooni. Akajaza maji, sukari kidogo, na tone la rangi ya keki ili ifanane. Akalala usingizi mnono, wa kwanza tangu mdogo wake augue.

Wiki mbili zilizofuata kinyozi alipungua. Utani ulikwisha, uji ukarudi jikoni na utando juu. Kila alipopewa kikombe chake alikinywa ameelekea ukutani, kisha akasema, "Ahsante, dada." Fundi akatikisa kichwa: si ndiyo haya? Tangu nesi akanyage hapa, mtu anadidimia. Asubuhi moja, akitandika kitanda, akakuta chini ya mto vidonge tisa vya UKIMWI, vikavu, havijamezwa.

Nesi alipokuja aliifungua chupa, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Hii si morfini."

"Basi mlituletea maji!" fundi akafoka. "Nilijua tu! Mmemnyima dawa, koo limemshinda hata kumeza vidonge!"

Nesi akaifunga chupa.

"Dada, basi," kinyozi akasema, sauti imekauka. "Nesi hana kosa. Ile ya kwanza ilikuwa chungu. Hizi zako zina sukari."

"Ulijua?"

"Tangu kikombe cha kwanza."

"Na hukusema!"

"Ulikuwa umeanza kulala, dada. Nikaona nivumilie kidogo."

Fundi akakaa kitandani. Alilia kwa aibu, waziwazi, mbele ya nesi ambaye yeye mwenyewe alimchukia. "Niliimwaga mimi," akasema.

Nesi akatoa chupa nyingine mkobani. Fundi akafuta machozi, akanyoosha mkono kuipokea. Nesi akampita, akaikabidhi kwa mgonjwa mwenyewe.