Upande wa Kulia wa Hannah

Beryl Sugden alikata treni mpya vipande viwili mbele yetu sote, Jumanne moja, kabla hata chai haijamiminwa.

Ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi: kichwa cha treni cheusi chenye magurudumu sita, kinachoenea kiganjani, kimepakwa rangi kiwandani kwa ufundi ambao wengi wetu tungejivunia. Beryl alifungua skrubu, akatoa mota akaiweka kwenye kisahani, akalibana ganda tupu kwenye jiliwa na kushika msumeno mwembamba kama uzi. Krr, krr, krr. Nev Clegg, ambaye hakosi la kusema, aliirudisha biskuti yake kwenye sahani.

"Mama wee," akasema. "Na waranti je?"

"Waranti ni ya watu wanaotaka kurudisha," Beryl akajibu bila kuinua macho.

Klabu yetu ya wajenzi wa treni ndogo za mfano hukutana katika chumba cha nyuma cha kanisa la zamani pale Crosley Moor, mji wa mawe meusi na mvua kule Yorkshire. Tuko wanaume kumi na wanane, na Beryl. Alijiunga nasi alipostaafu. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa fundi wa meno ya bandia, na hakuwa na unyenyekevu wowote kuhusu kazi hiyo. "Nusu ya mji huu inatafuna kwa mikono yangu," alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia, maana wawili wetu pale mezani walikuwa miongoni mwa nusu hiyo.

Desmond Holroyd alisogea na miwani yake kwenye paji la uso. Huyu alikuwa mchoraji wa ramani za mitambo enzi za kazi yake, na ndiye mjenzi wetu bora. Kikombe cha maonyesho ya kila Oktoba kilikuwa kimelala kwake miaka sita mfululizo.

"Unajenga nini, Beryl?"

"Hannah."

Kila mtu wa Crosley Moor amewahi kusikia habari za Hannah. Kilikuwa kichwa kidogo cha mvuke chenye magurudumu manne, kikivuta mawe kwenye machimbo ya Scarth juu ya mji, mpaka mwaka 1964 kilipokatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Dereva wake wa mwisho alikuwa Arnold Sugden, baba yake Beryl.

"Vizuri," Desmond akasema. "Picha ziko mbili tu duniani. Zote mbili ni za upande wa kushoto, maana kulia kulikuwa na ukuta wa jabali. Sasa huo upande wa kulia utaujengaje?"

"Nitaujua."

"Utaujuaje? Wewe ulikuwa na miaka sita. Hapa tuna sheria: usichokiona usikijenge."

"Hiyo ni sheria yako, Desmond."

"Niliiandika mimi, lakini ilipigiwa kura."

"Na mimi sikuwepo," Beryl akasema, na nusu ya nyuma ya treni ikaanguka mezani.

Kuanzia siku hiyo kila Jumanne tulikuwa tukienda kumtazama yeye, ingawa kila mmoja alijidai amekuja kwa kazi zake. Alifupisha fremu ili ibaki na ekseli mbili, yaani magurudumu manne. Tangi la maji, lile linalokaa juu ya boila kama tandiko juu ya punda, hakulikunja kwa bati kama sisi tunavyofanya. Alilichonga kwa nta, kwa visu vyake vya kuchongea meno, akalizika ndani ya plasta, akaipasha moto mpaka nta yote ikatiririka nje, kisha akamimina shaba iliyoyeyuka katika ule uwazi. Alipoivunja plasta, tangi lilitoka zima, na vichwa vya ribiti vyote vinahesabika. Dohani alilitoa vivyo hivyo. Nev alilizungusha dohani lile kwenye mwanga.

"Bibi yangu alikuwa na jino kama hili," akasema.

"Bibi yako alikuwa na manne," Beryl akamwambia. "Na hakuwahi kuyasafisha."

Siku ya kuijaribu kwenye reli, mambo yaliharibika. Hannah alitembea hatua mbili akachechemea, akasimama, akaruka, akachechemea tena kama kuku aliyeumia mguu. Ilibidi tucheke. Desmond hakucheka. Aliinama mpaka shavu likagusa meza.

"Uliyatoa magurudumu?"

"Niliyatoa."

"Ukayarudisha kwa jicho?"

"Jicho langu halijawahi kunidanganya."

"Leo limekudanganya. Pini za magurudumu ya upande mmoja lazima ziwe robo mzunguko mbele ya zile za upande wa pili, na ekseli zote mbili zilingane kabisa. Ukikosea hata unywele, vile vyuma vinavyounganisha magurudumu vinavutana." Akanyoosha mgongo. "Nina kifaa nyumbani. Nitakuazima."

"Asante. Sihitaji."

Wiki iliyofuata alikuja na tofali dogo la plasta ngumu. Lilikuwa na vitanda viwili vya kulazia ekseli na vijishimo vinne vya pini, kila kimoja mahali pake. Alilaza magurudumu, akayabana, akayatoa. Hannah akaondoka kama maji mferejini, akapanda kilima cha reli yetu na mabehewa manane ya mawe, akashuka upande wa pili. Desmond alilichukua lile tofali, akalipima kwa vyombo vyake huku na huku, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, iwapo angeweza kutengenezewa moja.

"Ukiomba vizuri," Beryl akasema.

"Nimeomba vizuri."

"Basi utapata."

Ukabaki ule upande wa kulia. Mwezi Agosti Beryl alikuja na mfuko wa dukani, akatoa koti la kazi la bluu lililopauka na kulilaza mezani katikati ya vikombe.

"La baba. Mama hakukubali kulitupa. Tazameni mikono."

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Ule wa kulia, nje kidogo chini ya kiwiko, ulikuwa na kiraka juu ya kiraka juu ya kiraka, na kingo za kitambaa zimeungua.

"Baba alikuwa na kovu mahali hapohapo," Beryl akasema. "Alikuwa akiegemea nje upande wa kulia kutazama nyuma. Kwa hiyo kulikuwa na bomba la mvuke linapita mlangoni mwake, na kila siku alikuwa akiligusa."

"Koti si picha," Desmond akasema.

"Picha ilikaa na Hannah sekunde moja. Koti lilikaa naye miaka kumi na tisa."

Desmond akaenda kuchukua chaki. Wawili hao walichora mlango wa kibanda cha dereva ukutani, ukubwa wake wa kweli, kwa vipimo walivyotoa kwenye zile picha mbili. Beryl akavaa koti. Alikuwa na kimo cha baba yake, na mabega yake. Akapanda juu ya kreti, akaegemea nje kama dereva anayetazama nyuma, na Desmond akaweka alama pale kiraka kilipogusa ukuta.

"Hapo," akasema. "Lakini kwenye kadi ya maonyesho utaandika kwamba ni dhana."

"Nitaandika ukweli."

Aliandika ukweli. Jumamosi ya maonyesho, katika ukumbi wa mji, Hannah alikuwa juu ya meza na kadi mbele yake: *Upande wa kushoto: picha mbili. Upande wa kulia: koti la dereva.* Koti lenyewe lilitundikwa nyuma. Treni ya Desmond, ndefu ya kijani, ile ya kusafirisha abiria kwa kasi, ilikuwa meza ya pili, haina doa. Watu waliitazama, wakasifu, wakapita. Kwa Beryl walisimama.

Alasiri akaja mama mmoja mwenye fimbo, koti la mvua limefungwa mpaka kidevuni. Alimtazama Hannah kushoto, akazunguka meza polepole, akamtazama kulia.

"Nani amejenga hii?"

"Mimi. Beryl Sugden."

"Binti yake Arnold? Nilijua tu, kwa hayo mabega. Mimi ni Ivy Lumb. Nilikuwa napima mawe pale Scarth, kwenye kibanda cha mizani, miaka saba." Akanyoosha kidole. "Bomba lipo, hongera. Lakini umeliweka juu mno."

Beryl alikunja mikono. "Nililipima kwa mwili wangu, Bi Ivy. Nikiwa nimevaa koti lake."

"Ukiwa umesimama?"

"Nikiwa nimesimama."

Bi Ivy alicheka mpaka ikabidi ashike meza. "Arnold, asimame! Mwanangu, baba yako alikuwa anaendesha ameketi. Alijipigilia kiti cha ubao mle ndani, na mto alishonewa na mama yako. Tena hapa nyuma ya mlango palikuwa na sanduku la vifaa, jekundu. Humo ndimo alimokuwa anaweka pai yake ipate joto."

Nilimtazama Beryl. Nilidhani ataumia, au atabisha. Lakini uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyepokea barua kutoka mbali.

"Ameketi," akarudia. "Bila shaka. Mtu yule hakuwahi kusimama kama kuna mahali pa kukaa."

Jumapili asubuhi, siku ya pili ya maonyesho, Bi Ivy alirudi na bahasha kwenye mkoba. Ndani mlikuwa na picha ya harusi yake ya mwaka 1961. Bwana harusi alikuwa mpasua mawe, na wenzake walikuwa wamemsukuma Hannah nje ya banda ili maharusi wapigwe picha mbele yake. Nusu ya treni ilifichwa na gauni. Nusu iliyobaki ilikuwa upande wa kulia: bomba, chini zaidi kwa kama shubiri mbili kuliko pale tulipoweka alama, na pembe ya sanduku.

Desmond aliishika picha ile kwa ncha za vidole, akailinganisha na Hannah.

"Waamuzi wanapita saa sita," akasema. "Sasa ni saa nne na nusu. Usiiguse, Beryl. Ukiigusa sasa, watakukuta na rangi mbichi."

"Watanikuta na rangi mbichi, basi. Siwezi kukaa hapa na bomba la uongo wakati la kweli liko mbele ya macho yangu."

"Utakosa alama."

"Desmond, sheria ni yako. Nimeshakiona. Nakijenga."

Desmond alivua koti lake la sherehe, akakunja mikono ya shati. "Nipe kibanio," akasema. "Mikono miwili haitakutosha."

Walifanya kazi hiyo hadharani, watu wakiwa wamejaa mpaka mlangoni. Beryl alichomoa bomba, akaziba tundu, akatoboa jingine chini yake. Desmond alishika waya kwa kibanio wakati yeye akilehemu, na moshi mdogo ukapanda kati ya vichwa vyao. Sanduku Beryl alilikunja kwa kipande cha bati la shaba, vidole vyake vinakwenda bila kusita, huku akimuuliza Bi Ivy: bawaba ziko juu au pembeni? Kufuli lilikuwepo? Bi Ivy alikuwa ameletewa kiti na chai, na alijibu kama shahidi mahakamani. Nev alisimama nyuma akitangaza kila hatua kama mtangazaji wa mpira.

Saa sita kamili waamuzi walifika. Mmoja aligusa sanduku, akaondoka na wekundu kidoleni.

Kikombe kilikwenda kwa Desmond, kwa mara ya saba. Alipanda jukwaani, akakipokea kwa mikono miwili, na hakujidai kuona aibu.

"Nimeshinda kihalali," akamwambia Beryl aliposhuka.

"Umeshinda kihalali. Treni yako haina kosa hata moja." Beryl alikuwa anafuta brashi. "Ila nimeona watu walikuwa wamesimama meza gani."

"Hata mimi nimeona. Nilikuwa nimesimama nao."

Watu walikuwa wanaanza kutoka ukumbini Bi Ivy alipouliza kama Hannah anaweza kuvuta. Rangi ilikuwa imeshakauka vya kutosha. Tulimweka kwenye reli tuliyokuja nayo kutoka klabuni, chini ya kilima, tukamfungia mabehewa manane, na Beryl akamwekea mama yule kidude cha kuongozea mkononi.

"Unazungusha hivi, Bi Ivy. Kidogo kidogo. Akifika pale kwenye kona, punguza."

Bi Ivy aliweka fimbo chini, akajiweka sawa kwenye kiti na kuzungusha mpaka mwisho. Hannah aliruka mbele kwa mshindo, mabehewa yakagongana, mawe mawili yakadondoka sakafuni.

"Polepole, mama!" Desmond akapiga kelele. "Kona hiyo! Polepole!"

"Niliwatazama Arnold na wenzake wakipita miaka saba," Bi Ivy akasema, macho hayabanduki kwenye ile treni. "Hakuna aliyekuwa akipita polepole."

Hannah aliingia kwenye kona ameegemea upande mmoja, akaimaliza, akakishambulia kilima. Beryl hakunyoosha mkono kumzuia Bi Ivy. Alikuwa ameinama, mikono magotini, akisikiliza mlio wa magurudumu yale manne, na nilimwona akiitikia kwa kichwa, ameridhika.