Kitufe Kilichozimwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Megha alizipanga redio koli mezani, akazichomeka betri zilizolala kwenye chaji, kisha akaongea na kila moja kwa sauti ya chini. "Moja, mbili, tatu. Unanipata?" Redio ya dirishani ilimrudishia sauti yake mwenyewe, naye akaridhika. Kwa redio hakuona haya kuongea. Kwa watu ilikuwa kazi.

Siku hiyo alikuwa amefika ya saba pale Benedict alipoingia na kuitupa nyingine katikati ya zilizopangwa. Mbili zikadondoka chini.

"Washa kitufe cha dharura kwenye hiyo," alisema, bila salamu. "Saa nne tuna kikao."

Benedict alikuwa msimamizi wa walinzi wa maduka ya Kariakoo, na karakana hii ya mtaa wa Gerezani ndiyo iliyomtunzia redio zake, makuukuu yaliyofungwa kwa utepe na mipira. Megha aliijua redio aliyoitupa. Ubavuni ilibandikwa plasta yenye maandishi ya kalamu: SWAUMU, GHALA LA VITENGE.

Habari za Swaumu, mlinzi wa ghala hilo, zilishaenea mtaa mzima. Alhamisi jioni, maduka yakifungwa, wanaume watatu walimvamia pale ghalani, wakamvunja mkono kwa nondo na kuondoka na marobota ya vitenge. Yeye alisema alikibonyeza kitufe mara tatu. Kituoni kwa kampuni ya ulinzi hakikulia kitu. Basi kampuni ikasema hakubonyeza, na kwamba amekula njama na wezi.

"Ni kikao cha Swaumu?" Megha aliuliza.

"Sasa cha nani? Redio itajaribiwa mbele yake. Ikilia tu, kazi hana, na polisi watamsubiri mlangoni."

Damu ilimpanda Megha hadi masikioni. Alimgeukia tajiri wake, Mzee Elisaria, mwenye karakana, aliyekuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Mwezi uliopita Benedict alikuja akilalamika kwamba walinzi wakikaa kwenye stuli, mkanda unabonyeza kitufe, na kituo kinapiga kelele kutwa. "Zima vyote," Elisaria aliagiza. Megha akauliza, kwa kile kisauti chake, kama walinzi wataambiwa. Akaandika hata karatasi, kwa herufi kubwa: KITUFE CHA DHARURA HAKIFANYI KAZI. Elisaria akaikunja akaitia mfukoni. "Usimfundishe mteja kazi yake, mwanangu." Naye akanyamaza. Vitufe vya redio ishirini na mbili akavizima kwa mkono wake mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Huko kunyamaza ndiko kulikomchoma sasa kuliko yote.

"Mzee," alianza, "ile karatasi..."

"Karatasi gani?" Elisaria hakuinua macho. "Chomeka waya, mama. Dakika mbili tu, mtu aende zake."

Benedict alicheka. "Mtoto wa Kihindi wa Upanga leo kaongea! Mzee, mpige picha. Mimi nilijua mmeajiri bubu."

Megha alichomeka waya. Kompyuta ikaisoma redio, na kwenye kioo yakatokea yote: tarehe ya mwisho kuprogramiwa, masafa, na mstari wa chini kabisa, Dharura: imezimwa. Ilibaki kubadili neno moja na kuyarudisha yote kwenye redio.

"Hodi," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa Swaumu. Benedict alikuwa amempitia na bajaji ili waende wote kikaoni, akamwambia angoje nje kwenye benchi. Mkono uliovunjwa ulikuwa umefungwa hogo, umening'inizwa shingoni kwa khanga.

"Shikamoo mzee. Samahanini. Mdogo wangu, wewe ndiye fundi? Nisaidie kitu kimoja kabla sijaenda kuaibika. Kile kitufe kinabonyezwaje? Labda kinashikiliwa kwa muda, mimi nikakidonoa tu. Usingizi sipati, najiuliza nilikosea wapi. Unajua sisi wengine hatukusoma."

"Swaumu! Nimekwambia ungoje nje!"

"Natoka, bosi. Nilitaka tu kulijua kosa langu."

Kosa lake! Mtu kavunjwa mkono, kaachwa peke yake na wezi, halafu anakuja kuomba afundishwe kosa lake. Megha aliuchomoa waya, akaikumbatia redio ile kifuani bila kubadili chochote.

"Megha," Elisaria alisema taratibu, na lilikuwa onyo. "Fikiria vizuri. Kazi ziko wapi siku hizi?"

"Ilete hapa!" Benedict alinyoosha mkono.

Megha akampa mgongo, akamgeukia Swaumu, na sauti ikatoka kubwa hata muuza vipuri wa duka la pili akachungulia.

"Dada Swaumu, hukukosea! Ulikibonyeza vizuri. Kitufe kilikuwa kimezimwa. Nimekizima mimi, hawa wawili wakiniagiza, na nyinyi walinzi hakuna aliyewaambia. Mimi nilijua hamjaambiwa, nikanyamaza. Saa nne nakuja na wewe kikaoni, na redio nakuja nayo kama ilivyo, na maneno haya haya nitayarudia mbele yao."