Jiko la Jumamosi

Nilimsikia kwa masikio yangu, kupitia dirisha la baraza la wanaume, ami yangu Marhoun akiwaambia wageni wake kutoka Maskati kwamba mama yake alikuwa mtu wa Hadhramaut. Alisema bila kupepesa macho. Bibi yangu Badra hakuwahi kuiona Hadhramaut hata kwenye picha, na udongo wa kaburi lake, pale pembeni ya shamba letu la mitende, ulikuwa bado haujakauka.

Bibi Badra alikuwa Myahudi. Alizaliwa Aden, akapelekwa Unguja angali mdogo, baba yake akafungua duka la vitambaa, na huko akaolewa na babu yangu Khalaf. Babu hakumtaka abadili dini, naye hakubadili. Mambo yalipoharibika Unguja wakahama, wakahangaika huku na huko, na mwanzoni mwa miaka ya sabini wakafika Ibra, mji wa wazee wa babu. Babu hakukaa sana akafariki. Mimi nikalelewa na bibi.

Na bibi hakuwa mtu wa kutulia. Zahanati ya mji ilikuwa na chumba kimoja tu cha kungojea, nacho cha wanaume. Wanawake walikaa nje juani na watoto wao wagonjwa, na jua la Ibra mwezi wa sita asiyelikalia halijui. Bibi aliwakusanya wakaenda kuketi uani kwa wali, mkuu wa mji, na mikeka yao na chupa zao za maji, kimya, siku baada ya siku, mpaka wakajengewa kivuli. Alipogundua kwamba hawawezi kusoma hata maelezo ya dawa walizopewa, akafungua darasa sebuleni petu. Watu wazima wenye wajukuu wakawa wanaandika alifu na be kwa chaki huku bibi akiwafokea kama watoto wadogo.

Wote walijua dini yake. Wangekosaje kujua? Jumamosi, siku ya Sabato yake, bibi hakushika moto. Kiberiti hakukigusa, jiko hakuliwasha. Basi kila Jumamosi asubuhi jirani yetu Wadha, mwanafunzi wake wa kwanza, aliingia bila kupiga hodi, akaenda moja kwa moja jikoni, akawasha jiko la gesi, akamsabahi bibi na kutoka. Hakuna aliyemwomba. Alianza mwenyewe siku alipoelewa, na hakuacha.

Bibi alifariki Alhamisi, mwaka wa themanini na mbili, tukamzika siku ile ile pale alipotaka. Ijumaa jioni ami aliniita ukumbini.

"Shikamoo, ami," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Sikiliza, Azza. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya msiba, na wewe ndiye mwalimu, utasema na wanawake. Waambie bibi yako alikuwa mwema, asili yake Hadhramaut, na alilipenda shamba lake ndiyo maana kazikwa kule. Khalas."

"Ami, si kweli hayo."

"Wewe hutazami televisheni? Kila usiku Mayahudi wanaipiga Beirut, kila usiku maiti. Watu nyoyo zinawawaka. Na mimi nina kazi serikalini. Wale wa Maskati waliokuja na wake zao wataniweka wapi?"

"Bibi hakuwa Beirut. Alikuwa hapa, mbele ya televisheni hiyo hiyo, akilia."

"Sema Hadhramaut, au usiseme kitu. Na ukumbuke nyumba hii ya nani."

Nyumba ilikuwa yake kweli, babu alimwandikia, nami sikuwa na pengine pa kukaa. Hapo ndipo aliponiweza. Usiku ule nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma. Mwanamke huyu alimbeba mgongoni, alimkeshea kwa surua, na leo mtoto wake anamwonea haya kuliko mwizi. Angemtukana ningeelewa. Lakini kumfuta, kumpa mji asioujua, na kunitaka mimi ndiye nishike kifutio, hilo lilinichoma.

Jumamosi asubuhi sebule ilijaa. Jiko letu lilikuwa halijawashwa tangu Alhamisi, kwa sababu desturi yetu nyumba ya msiba haipiki. Majirani ndio waliotuletea wali na kahawa. Mke wa ami, Mahfoudha, aliketi na wake za wageni wa Maskati karibu na mlango. Nikasimama.

"Bibi yangu alizaliwa..." nikasema, nikakwama. Nilimwona Mahfoudha ananikazia macho. Niliiona nyumba, na kitanda changu, na begi langu njiani.

Ndipo Wadha alipoingia, bila hodi. Hakumpa mtu mkono, hakuketi. Alipita katikati yetu polepole na magoti yake mabovu, akaingia jikoni. Tukasikia kiberiti, kisha gesi ikishika moto. Akarudi, akatafuta nafasi ukutani, akakaa.

Mwanamke mmoja wa Maskati akashika kidevu. "Audhubillahi. Siku tatu hazijesha mnawasha jiko? Nyinyi hamna desturi?"

"Leo Jumamosi," Wadha akajibu kwa Kiarabu chake cha Ibra. "Badra hashiki moto Jumamosi."

"Kwa nini asishike?"

Wadha alinitazama mimi, na sebule nzima ikanitazama.

"Kwa sababu alikuwa Myahudi," nikasema. "Alizaliwa Aden. Hadhramaut hakuijua, na anayewaambia hivyo anamsingizia. Kile kivuli mnachokaa chini yake zahanati, yeye ndiye aliyekipigania. Hapa mlipoketi ndipo mlipojifunza kuandika majina yenu." Nikaendelea, sikumbuki yote niliyosema, ila sikukwama tena.

Mahfoudha alitoka mbio. Haukupita muda tukasikia sauti ya ami nyuma ya pazia la mlango.

"Lizimeni hilo jiko."

Hakuna aliyeinuka.

"Azza, nakwambia zima jiko."

"Mwambieni aje alizime mwenyewe," Wadha akasema.

Kwenda jikoni hapakuwa na njia ila katikati ya sebule, mbele ya wanawake wale wote ambao mama yake aliwashika mikono kwenye chaki. Wote waligeuka kulitazama pazia. Nilijua kesho yake atanitaka nihame, na kweli alinitaka, nikahamia kwa Wadha. Lakini asubuhi ile pazia lilitikisika kidogo, kisha likatulia. Jiko likaendelea kuwaka, bila sufuria juu yake, mpaka gesi ikaisha.