Mashuka Yenye Maandishi

Mtaani kwetu kila nyumba hutoa shuka la kufuliwa, mgonjwa awepo asiwepo. Ndiyo sheria ya kikundi chetu cha kuwafulia wagonjwa na haina mjadala. Asubuhi tunapita mlango kwa mlango na mabeseni yaliyofunikwa. Kinyozi anatoa shuka, mwenye duka anatoa shuka, hata yule bibi harusi wa juzi anatoa lake huku akiona haya. Yote tunayaloweka uani kwa mwenyekiti wetu, Mama Beseni, tunayafua kwa mikono na kuyaanika kamba moja. Mpita njia anaona mashuka tu. Lipi limetoka kwa mtu asiyeinuka kitandani na lipi limetoka kwa kinyozi mwenye afya zake, hajui, na hatumwambii.

Baba yangu ni mmoja wa wasioinuka. Mtaa mzima unamwita Refa, maana alichezesha mpira ujana wake wote na kadi zake hazikuchagua sura. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili, kikamwachia ulimi na ubishi. Filimbi yake inaning'inia kichwani pa kitanda. Akinihitaji anaipuliza, nami namwacha mteja na nywele nusu (mimi ni msusi, nasukia hapo hapo barazani) nakimbilia ndani. Zamani alikuwa akijikojolea ananyamaza, hataki nimguse, mpaka akapata kidonda nyongani. Nesi alipokiona alinigombeza nikalia kama mtoto. Baba alikuja kukubali siku Mama Beseni alipomweleza sheria yetu.

"Kinyozi naye anatoa?" aliuliza.

"Anatoa, Refa."

"Haya, chukueni."

Kisha likaja shirika la misaada. Sisemi uongo, tuliliomba wenyewe. Mikono yetu ilikuwa imechubuka kwa sabuni na maji ya moto, na Mama Beseni alikuwa hanyooki mgongo. Wakaahidi mashine ya kufulia, kubwa, ya aina wanayotumia hospitali. Tulicheza uani siku ile.

Yalitangulia mashuka mapya, meupe, mazito. Mama Beseni alikunjua la kwanza akabaki mdomo wazi. Katikati ya shuka, kwa herufi za kijani zinazosomeka ukiwa ng'ambo ya barabara, palikuwa pameandikwa MSAADA KWA WAGONJWA WA KITANDANI, na chini yake jina la shirika. Afisa wa mradi, kijana mpole mwenye shati lililonyooka pasi, akatueleza utaratibu: kila nyumba yenye mgonjwa ianike shuka lake nje, yeye atakuja mwisho wa wiki kupiga picha, kisha mashine itashushwa.

"Mwanangu," Mama Beseni alimwambia, "si mngeandika tu mlangoni kwamba humu kuna mtu anajikojolea?"

Akacheka, akidhani anataniwa.

Baba nilimpelekea moja kwa sababu lake lilikuwa limechakaa, nikajipa moyo kwamba hatalisoma. Refa anasoma hata karatasi iliyofungiwa vitumbua. Alilitazama, akalisukuma kwa mkono wake mzima.

"Rudisha. Na hao wenzako waambie wasinifulie tena."

"Baba, hakuna atakaye..."

"Nimesema rudisha!"

Tangu hapo akaacha kunywa maji. Namwekea glasi, naikuta ilivyo. Namsihi, anageukia ukutani. "Nisipokunywa sitakojoa," akasema, "na nisipokojoa hamna cha kuanika." Midomo ilimkauka, ikapasuka. Nesi alikwisha kunionya kuhusu figo zake. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia yule kijana na shati lake, nikazikasirikia zile herufi za kijani kuliko vyote.

Nikaenda kwa Mama Beseni bila hata kubisha hodi.

"Mashine yao siitaki. Baba yangu anakufa kwa kiu ndani ya nyumba yenye maji."

Alinionyesha viganja vyake, vyekundu, ngozi inabanduka. "Hivi vinaitaka, mwenzangu. Vinaitaka sana. Lakini Refa hatumuuzi." Akaingia ndani, akatoka na mkasi.

Mashuka hayakutosha nyumba zote, kwa hiyo tuliyakata, kila kipande kikabaki na sehemu ya maneno yale ya kijani; lile alilolikataa baba tu lilibaki zima kwangu. Tukapita mlango kwa mlango kama kawaida yetu, safari hii tukigawa badala ya kukusanya. Nilidhani watu watatukatalia. Mwenye duka alikitundika chake juu ya kaunta. Bibi harusi akafanya pazia. Kinyozi, ambaye kamba yake inatazamana na dirisha la baba, alianika kipande kimoja, kingine akawa anawafunga wateja shingoni, wanatoka wamenyolewa na kucheka.

Siku ilipofika, lori liliingia na mashine nyuma, afisa mbele na kamera yake. Alishuka, akatazama huku, akatazama kule. Mtaa mzima ulikuwa unapepea kijani.

"Mama, hii nini? Hawa wote wagonjwa?"

"Mmetupa mashuka," Mama Beseni alisema, "tumeyatumia."

"Nahitaji nyumba za wagonjwa. Siwezi kuandika kwamba mtaa mzima umelala kitandani."

"Andika kwamba mtaa mzima unafuliwa. Huo ndio ukweli."

Kijana wa watu alikuwa anatoka jasho. Alituambia si yeye aliyeweka masharti, kwamba wakubwa wake wanataka kuona mtu, kwamba asipoonyeshwa hata mgonjwa mmoja, itabidi mashine irudi ilikotoka. "Mmoja tu," akasema. "Nionyesheni mmoja."

 Kinyozi alisimama na wembe mkononi, mteja povu shavuni. Nilimwona Mama Beseni akiitazama mashine, akiitazama mikono yake. Nilijua inavyomuuma.

"Ligeuze lori," akamwambia.

Ndipo filimbi ilipolia. Si ile ndogo ya kuniita. Ilikuwa ndefu, ya kusimamisha mchezo, na afisa mwenyewe aliganda mguu mmoja hewani. Nikakimbia ndani. Baba alikuwa amejivuta mpaka dirishani kwa mkono mmoja, mishipa ya shingo imemtoka.

"Wewe wa kamera! Sogea hapa."

"Baba, nyamaza, tafadhali."

"Wewe ndiyo unyamaze." Akamkazia macho kijana. "Umeuliza mgonjwa. Ni mimi. Nimepooza, na najikojolea kitandani. Umesikia vizuri au nirudie?"

Barabara nzima ilisikia. Hata kule dukani walisikia. Nilitaka ardhi inimeze, halafu nikaona kwamba yeye hakuinamisha kichwa hata kidogo.

"Nimesikia, mzee," afisa akasema taratibu.

"Hawa wamenifichia siri yangu kwa muda mrefu, na ni yangu, naitoa nikitaka. Za wenzangu si zako na hutaambiwa. Hiyo kamera shusha. Mashine nayo shusha."

Afisa alikuwa amesogea mpaka chini ya dirisha. Akaifunga kamera, akaiweka mkobani, akawapungia mkono wapakuzi. Mashine iliposhuka ilitoa kishindo, na Mama Beseni akakaa chini palepale, akajifunika uso kwa viganja vyake.

Nilimrudisha baba kitandani. Alikuwa anahema, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha.

"Maji," akasema.

Alimaliza glasi. Akaomba nyingine, akaimaliza, akaomba ya tatu.

"Sasa niletee shuka lao. Lile lenye maandishi."

"Lile lile, Baba?"

"Lile lile. Na ulitandike vizuri, jina lao likae hapa katikati." Akapapasa godoro chini ya kiuno chake, akanitazama kwa jicho lile la uwanjani. "Leo nimekunywa maji mengi."